Robert Louis Stevenson kwa vijana: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kurasa za mwanzo za Treasure Island zina shairi ambalo Stevenson alimwandikia mnunuzi anayesitasita. Kwa ufupi anasema hivi: ikiwa vijana wa sasa bado wana hamu ya dhoruba, merikebu, visiwa na dhahabu iliyofukiwa, karibuni, ikiwa hamu hiyo imewatoka, basi naye azikwe kaburi moja na maharamia wake. Kitabu kilitoka London mwezi Novemba 1883 na bado kinachapwa. Shairi lenyewe siku hizi lina kazi nyingine: ni kipimo cha haraka cha kujua kama nakala uliyoshika ni nzima au imepunguzwa, maana wapunguzaji huanza na hilo.

Stevenson alifariki Samoa tarehe 3 Desemba 1894. Haki za kazi zake zimekwisha zamani, kwa hiyo kila mwenye mashine ya kuchapa anaweza kumtoa. Ndiyo maana utakuta Treasure Island za kila namna, jalada zuri na ovyo, zote zikibeba jina moja, na nyingi kati yake si kitabu alichokiandika yeye. Kabla ya kulipa, fanya ukaguzi wa dakika mbili. Kitabu kizima kina sura 34 zilizopangwa katika sehemu sita. Ramani ya kisiwa inatangulia sura ya kwanza. Fungua sura ya 16: msimulizi anabadilika, kijana Jim Hawkins ananyamaza na Daktari Livesey anachukua usukani hadi mwisho wa sura ya 18. Kama Jim anaendelea kusimulia hapo kana kwamba hakuna kilichotokea, umeshika nakala iliyoandikwa upya na mtu mwingine. Tazama pia maandishi madogo chini ya jina la mwandishi, yanayosema kwamba hadithi "imesimuliwa upya" na fulani. Maandishi kamili yana maneno kama 67,000. Hayaingii katika kijitabu cha kurasa 96 chenye picha kila ukurasa.

Wengi watauliza: kuna ubaya gani kumpa mtoto toleo fupi? Kwa anayejifunza Kiingereza, matoleo yaliyorahisishwa kwa ngazi yana faida yake, na hakuna wa kuyabeza. Lakini yule anayetaka kujua kwa nini mwandishi huyu amedumu, toleo fupi litamdanganya, kwa sababu linatupa hasa kile kinachofanya kazi. Linabakisha matukio na kuondoa vitu.

Chukua sanduku la Bill Bones katika sura ya nne. Baharia mzee amekufa ghafla katika nyumba ya wageni ya mama yake Jim, ana deni, na wenzake maharamia wako njiani. Toleo fupi litasema: wakafungua sanduku, wakakuta ramani. Stevenson anaanza juu: suti moja nzuri, imepigwa brashi na kukunjwa, haijavaliwa. Chini yake kipimo cha nyota cha mabaharia, kikombe cha bati, tumbaku, jozi mbili za bastola nzuri, kipande cha fedha, saa kuukuu ya Kihispania, bikari ya shaba, na makombe matano au sita ya West Indies. Kisha joho la baharini lililoganda chumvi. Mwisho kabisa, bahasha ya kitambaa cha mafuta na mfuko wa dhahabu. Hapo ndipo balaa linapoanza. Mama yake Jim ni mwanamke mwaminifu: anataka alichokuwa akidai, hata senti moja zaidi hataki, na sarafu ni za nchi zote duniani zimechanganyika. Gini za Kiingereza ndizo chache, na ndizo pekee anazoweza kuzihesabia. Nje kuna barafu na ukungu, fimbo ya kipofu Pew inagonga barabarani ikikaribia, na mama bado anatafuta gini. Uaminifu wake karibu uwaue wote wawili. Hofu yote ya sura hiyo imetoka kwenye hesabu ya sarafu, na ukiipunguza sura hubaki na kipofu tu.

Orodha ya vitu vya sanduku hilo ilitungwa na baba yake mwandishi, Thomas Stevenson, mhandisi wa ukoo uliojenga minara ya taa ya bahari pwani ya Uskoti. Aliiandika nyuma ya bahasha ya kisheria, na mwanawe akaifuata. Jina la merikebu ya zamani ya Flint, kapteni wa maharamia aliyefukia hazina, yaani Walrus, nalo ni la mzee huyo.

Kazi ilianza Braemar, Uskoti, majira ya kiangazi ya 1881. Mvua haikukatika, na Lloyd Osbourne, mtoto wa mke wa Stevenson, alikuwa akichora kwa rangi za maji ili kupoteza muda. Stevenson akachora ramani ya kisiwa, akaanza kuona watu wakitembea ndani yake, akaandika sura kumi na tano kwa siku kumi na tano. Halafu akakwama kabisa. Sehemu iliyobaki aliimalizia Davos, Uswisi, kwa kasi ileile ya sura moja kwa siku. Gazeti la vijana la Young Folks liliitoa hadithi kwa sehemu kuanzia Oktoba 1881 hadi Januari 1882 kwa jina la kubuni la Captain George North. Wachapishaji Cassell walipoinunua kama kitabu, walimpa pauni 100.

Ramani unayoiona kitabuni si ile ya Braemar. Ile ya kwanza ilipotea ilipotumwa kwa wachapishaji. Stevenson akalazimika kupitia maandishi yake mwenyewe, kuorodhesha kila umbali na kila upande uliotajwa, kisha kuchora ramani inayokubaliana navyo. Baba yake akaghushi saini ya Kapteni Flint. Mwandishi mwenyewe hakuipenda kama ile ya mwanzo, lakini kwa msomaji ajali hiyo ni neema. Kisiwa kina urefu wa maili tisa na upana wa maili tano, kina misalaba mitatu ya wino mwekundu, na kila mwendo wa Jim unaweza kuufuata kwa kidole. Mkabidhi mtoto kalamu ya risasi atie alama mahali ngome ya magogo ilipo, mahali merikebu ilipotia nanga, na mahali Jim alipoikuta mashua ya Ben Gunn, baharia aliyeachwa kisiwani. Nakala isiyo na ramani isiletwe nyumbani, hata ikiwa bei yake ni ya kutupa. Tatizo hilo liko zaidi kwenye nakala za bei rahisi zinazochapwa kwa oda mtandaoni, ambazo mara nyingi hutolewa kutoka faili tupu la maandishi: ramani hakuna, shairi hakuna, vichwa vya sehemu sita vimemezwa.

Sasa John Silver. Mharamia mwenye gongo kwapani na kasuku begani, anayewindia hazina kwa ramani, ametoka humu kwa sehemu kubwa. Filamu na vibonzo vimekuwa vikimnakili kwa zaidi ya miaka mia. Nakala hizo zote humfanya mtu wa makelele. Wa kitabuni ni mtu safi, mcheshi, mwenye baa Bristol, anayejua kuongea na mtoto kama mtu mzima. Mguu wake wa kushoto umekatwa karibu na nyonga, lakini sitahani anakwenda kuliko wenye miguu miwili. Anamfundisha Jim maneno ya baharini, anamsifu. Kisha katika sura ya 11 Jim amejificha ndani ya pipa la matufaha, anamsikia Silver akimrubuni baharia mwingine kijana kwa maneno yaleyale ya sifa aliyomwambia yeye. Kinachomuuma kwanza si uasi. Ni kusikia sifa zake zikigawiwa mwingine. Mtoto wa miaka kumi anaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Na humo humo Silver anaeleza mahesabu yake. Maharamia wenzake hulewa mapato yao yote. Yeye aliweka akiba ya pauni 900 alipokuwa na kapteni wa maharamia aitwaye England, na 2,000 alipokuwa na Flint, katika mabenki mbalimbali asije akashukiwa. Mwovu anayeweka akiba! Ndiye pekee kati yao anayefikiria kesho, na ndiyo maana hadi ukurasa wa mwisho huwezi kuamua umtakie nini. Sehemu ya nguvu yake imetoka kwa mshairi W. E. Henley, rafiki ya Stevenson aliyekatwa mguu kwa maradhi; Stevenson alimwandikia mwenyewe kumkiri hilo.

Jambo la pili linalodumisha vitabu hivi ni kwamba kazi ya mikono inaelezwa sawasawa. Msomaji wa pwani ataona haraka. Katika sehemu ya tano Jim anakwenda usiku, ndani ya kimashua cha fito na ngozi ya mbuzi, kuikata amari, yaani kamba ya nanga, ya merikebu. Angeweza kuandikiwa sentensi moja. Badala yake anasita, kwa sababu mkondo unavuta, amari imekaza, na amari iliyokaza ukiikata ghafla itampiga teke yeye na kimashua chake. Anangoja upepo ugeuke, amari ilegee, ndipo akate uzi mmoja baada ya mwingine mpaka zibaki nyuzi mbili. Halafu anangoja tena ilegee ndipo amalizie. Kimashua nacho kina tabia yake: ukikaa na kupiga kasia kinazunguka na kunywa maji, ukilala chini kikaachwa chenyewe kinapanda mawimbi bila taabu. Jim analijua hilo kwa kulowa.

Sura ya 26, pambano la Jim na mharamia Israel Hands, ndiyo bora kuliko zote na imejengwa hivyohivyo. Bastola ya Jim inagoma kwa sababu baruti imelowa maji ya chumvi. Merikebu inakwama mchangani, inalala ubavu, wote wawili wanaporomoka. Jim anapanda kamba za galme, mlingoti wa nyuma, na kabla ya lolote anabadilisha baruti, bastola ya kwanza, kisha ya pili ili awe na uhakika, huku Hands mwenye jeraha la paja akipanda polepole na kisu mdomoni. Mpenda vyombo atauliza: skuna ya milingoti miwili imepata wapi galme? Ni kweli, hapo pana kasoro. Stevenson alikiri baadaye kwamba Hispaniola, ndiyo merikebu yenyewe, ilipaswa kuwa merikebu ya matanga ya mraba, ila hakujiamini kuiendesha kwenye karatasi.

Kasoro nyingine zipo, na mnunuzi azijue. Ukimwacha mama yake Jim, wanawake hawamo. Stevenson aliwaacha nje makusudi kwa kuwa hadithi ilikuwa ya mvulana. Ulevi ni mwingi. Mauaji yanaonekana kwa macho: katika sura ya 14 Silver anamtupia baharia mwaminifu gongo lake mgongoni, kisha anammaliza kwa kisu. Kwa mtoto wa chini ya miaka tisa subiri kidogo. Sura tatu za daktari zina mwendo mwingine, kavu zaidi, na wasomaji wengi huanguka hapo. Mweleze mtoto mapema kwamba msimulizi atabadilika na atarudi. Tatizo hilo linakwisha. Lugha nayo ni ngumu kwa msomaji wa Kiingereza cha shule: mabaharia wanaongea lafudhi yao, na vifaa vya chombo vimejaa. Kusoma peke yake bila msaada, weka kidato cha kwanza au cha pili. Toleo lenye maelezo nyuma, kama la Oxford World's Classics, linamfaa mwalimu au mzazi. Kwa mtoto mwenyewe, toleo la kawaida la Puffin lenye herufi za kutosha ni afadhali. Ukitaka picha, tafuta za N. C. Wyeth za mwaka 1911. Pew akiwa peke yake barabarani usiku, fimbo mbele, joho limepeperuka, hiyo moja inatosha kulipia kitabu. Michoro ya Mervyn Peake ya 1949 ni ya kutisha zaidi, ya watu wazima kidogo.

Kwa kusoma kwa sauti, sura moja ina wastani wa maneno 2,000, yaani robo saa hivi. Sura mbili kila usiku, unamaliza kwa wiki mbili na siku tatu. Vituo vizuri ni mwisho wa sura ya 3, sura ya 11 na sura ya 15. Usiikate sura ya 26 katikati, hutasamehewa. Anayefasiri papo hapo asijitaabishe kubuni maneno: amari, galme, sitaha, shetri, tanga la mbele, maji kupwa na kujaa, vyote viko tayari. Hesabu ya pande mbili iandikwe kwenye karatasi mwishoni mwa sura ya 12, kwa sababu mwandishi anaifuatilia hadi mwisho: watu 26, waaminifu saba akiwemo Jim mwenyewe, waasi 19. Watoto hupenda kufuta majina.

Tukija kwenye Kidnapped ya 1886, maoni ya wanaomjua Stevenson vizuri hugawanyika, na upande wa makala hii ni kwamba hiki ndicho kitabu bora zaidi cha viwili, ingawa si cha kuanzia. Kina sura 30. Kijana David Balfour anakwenda kudai urithi kwa ami yake Ebenezer, na ami huyo anamtuma usiku apande ngazi za mnara bila taa. Ngazi hazina ukingo. Radi inamulika mara moja, David anaona kwamba ngazi zinaishia hewani. Anatekwa, anapakiwa merikebuni auzwe Carolina, anakutana na Alan Breck Stewart, mtu wa kweli wa historia, na wanahusishwa na mauaji ya kweli ya Colin Campbell yaliyotokea Appin mwaka 1752 (kitabuni yamerudishwa mwaka mmoja nyuma).

Sura ya 14 ingefaa iwekwe kwenye vitabu vya shule vya pwani yote. Merikebu imevunjika, David anatupwa kwenye kisiwa cha Erraid, magharibi ya Uskoti. Anakaa siku nne, analoweshwa na mvua, anakula makombe mabichi yanayomtapisha, anawapungia wavuvi wanaopita huku wakicheka. Hatimaye analielewa neno moja katika kelele zao: maji. Kisiwa hicho kinaunganika na kisiwa kikubwa cha Mull maji yanapokupwa. Angevuka kwa miguu siku ya kwanza! Stevenson anasema wazi kwamba mtoto aliyelelewa na bahari asingekaa hapo hata siku moja, na mtoto wa Kizimkazi au Msambweni atakuwa ameshagundua kurasa tatu kabla ya David. Mwandishi alikijua kisiwa hicho kwa mguu wake. Alikaa huko 1870 wakati ukoo wake ukijenga mnara wa taa wa Dubh Artach.

Ugumu wa Kidnapped ni Kiskoti kinachoongewa na karibu kila mtu, na siasa za koo za Stewart na Campbell. Hapa usinunue toleo lisilo na faharasa ya maneno. Ukurasa mmoja wa maelezo kuhusu uasi wa 1745 unatosha. Ukimwelezea mtoto kwamba koo moja ilishindwa vita na sasa inatawaliwa na mahasimu wake, ameshafika. Onyo jingine: hadithi inakatika ghafla mlangoni mwa benki mjini Edinburgh. Mwendelezo wake, Catriona wa 1893, umejaa mawakili na mashauri, na mtoto aliyetaka panga na milima atauweka chini. The Black Arrow, ya vita vya wafalme wa Uingereza karne ya 15, iache dukani. Mazungumzo yake ni ya Kiingereza cha kale cha kuigiza, na mwandishi mwenyewe hakuithamini.

Kiswahili kilimpata mapema. Kisiwa chenye Hazina, iliyofasiriwa na Frederick Johnson pamoja na E. W. Brenn, ilitoka mwaka 1929 na kusomwa na wanafunzi wa Afrika Mashariki kwa miongo. Johnson ndiye aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili, kwa hiyo usitarajie Kiswahili cha barazani. Mashimo ya Mfalme Sulemani ya mwandishi Mwingereza Rider Haggard, tafsiri nyingine ya kundi hilo, nayo ina undugu wa karibu kuliko inavyodhaniwa: inasemekana Haggard aliiandika baada ya kubishana na kaka yake kwamba anaweza kutunga kitu kisichopungukiwa na Treasure Island. Nakala za tafsiri hizo leo utazikuta maktaba za vyuo au kwa wauza vitabu vya mitumba. Ukiiona moja, hesabu kurasa kwanza, maana nyingi zimepoteza za mwisho.

Asiyetaka kutumia pesa aende Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni: Treasure Island ni namba 120, Kidnapped ni namba 421, zote bure na zinafunguka hata kwenye simu ndogo. Chagua faili lenye picha, la sivyo ramani haitakuja. LibriVox ina usomaji wa sauti wa bure pia, kitabu kizima kikichukua muda wa saa saba hadi nane. Wasomaji wake ni watu wa kujitolea na hawalingani, hivyo sikiliza sura ya 11 kabla ya kupakua zote: kama Silver na Jim wanasikika sauti moja, tafuta msomaji mwingine.